Pikapu ya Mzee Swalehe na tangi la Mariakani

Tangu nirudi kila mmoja wenu ananiuliza la kwake. Mwingine anataka kujua kwa nini niliacha gari zuri la Gede, mwingine amesikia eti tulikwenda kuposa Kilifi, na Fatma amekuja mpaka shuleni kuniuliza kama ni kweli nilishangiliwa na madereva wa malori. Nimechoka kusimulia vipandevipande. Someni hapa safari yote, kisha mniache nipumzike.

Kwa wasiomjua, Kadzo ni wifi yangu, mke wa kaka yangu Abdalla. Kwao ni Kakoneni, huko bara ya Malindi, na ndiye kiongozi wa kina mama wafugaji wa pale. Maziwa yao hununuliwa na mtu anayepita kila siku isipokuwa Jumapili. Maziwa ya Jumapili hupewa ndama, yanayobaki humwagwa. Mwezi uliopita Kadzo akasikia kwamba chama kimoja cha Mariakani kinauza tangi la kupozea maziwa lililofungwa juu ya trela. Kina mama wakachanga. Kilichokosekana ni gari la kulivuta.

Mimi nami kwa miaka tisa nimekuwa nikitoka Muyeye kwenda kufundisha Mambrui kwa bodaboda na lifti za watu, na nilikuwa nimeweka akiba ya gari. Tukakubaliana tununue pikapu moja. Siku za kazi itanipeleka shule, na tangi likihitaji kuvutwa, itavuta. Kukubaliana kulikuwa rahisi kwa sababu kila mmoja kichwani alikuwa na gari lake. Mimi niliona kitu laini chenye kiyoyozi, naye aliona trekta.

Malindi mpaka Gede

Tuliondoka Jumamosi saa moja asubuhi. Abdalla alitufikisha Gede akarudi kazini, akiwa ametuusia mara tatu tununue gari, tusinunue rangi. Wenye tangi walikuwa wametuambia wazi kwamba wangelishikilia mpaka saa tisa alasiri siku hiyohiyo. Ikipita saa tisa halijatoka uwanjani kwao, kulikuwa na mteja mwingine.

Gari la kwanza la kutazama, pikapu ya Gede, lilikuwa la kijana mmoja mpole, amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka. Lilikuwa jeupe, la milango minne, lisilo na klachi, na viti vya ngozi ambavyo ukikaa unahisi umepakatwa. Ukirudi nyuma, kioo kidogo kinakuonyesha picha ya kinachoendelea huko. Niliwasha kiyoyozi nikafumba macho. Nilijiona nikiingia shuleni na mtandio wangu bila vumbi, mwalimu mkuu akisimama barazani kutazama.

Nilipofumbua macho sikumwona Kadzo. Miguu yake tu ndiyo ilikuwa ikionekana chini ya gari. Babake aliendesha trekta kwenye shamba la mkonge, na Kadzo amekulia kwenye grisi kama wengine tulivyokulia kwenye mchanga wa pwani. Akatoka akiwa na majani kichwani, akagonga kwa kidole ile ndoano ya nyuma ya kufungia trela, akamuuliza kijana imeshikiliwa na nini. Ilikuwa imefungwa kwenye bampa tu, na bampa lenyewe kwa bolti mbili nyembamba.

Kijana hakuficha. Alisema, "Dada, hiyo ni ya urembo. Mkifunga kitu kizito, bampa litabaki na trela na nyinyi mtakwenda zenu."

Nilisema tunaweza kumpata fundi akaiimarisha.  Kadzo alinunua viazi karai kwa mama aliyekuwa ng'ambo ya barabara, akanipa cha kwangu kikiwa na ukwaju mwingi, kama anavyopewa mtoto anayenyang'anywa kitu.

Gede mpaka Kilifi

Sasa tazameni bahati. Yule kijana alikuwa na safari ya Kilifi, na pikapu ya pili tuliyokuwa tukiiendea ilikuwa hukohuko. Akatupa lifti katika gari lilelile tulilolikataa. Mwendo wote nilikaa mbele nikipapasa kiti. Matsangoni ilipita sijaiona. Kadzo, kule nyuma, alikuwa kwenye simu na mwenye pikapu ya pili, Mzee Swalehe, aliyekuwa mchimba visima na sasa amestaafu. Alituambia tutafute geti la kijani baada ya msikiti. Kitu kimoja kilitufurahisha. Mzee huyo hakusema gari hata mara moja. Alisema "kijana wangu". Kijana wangu yuko tayari, kijana wangu ameoga.

Tukashushwa msikitini. Geti la kijani lilikuwa hapo, na kabla hatujabisha hodi lilifunguliwa na mama wa makamo, mnene wa heshima, anukia udi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitushika mikono yote miwili. Alijitaja jina, Bi Zainabu, akasema walikuwa wakitungoja tangu asubuhi. Mimi niliona watu wa Kilifi wana ustaarabu wa kuuza magari.

Tuliketishwa ukumbini. Zikaja mahamri, mbaazi za nazi, mkate wa sinia, sambusa, na birika la chai ya tangawizi. Kadzo, ambaye hapotezi muda, alimuuliza kijana yuko wapi. Bi Zainabu akasema ametoka kidogo na babake, hatakawia. Tukaelewa kwamba Mzee Swalehe ameipeleka pikapu kutiwa upepo.

Kadzo akafuta mikono. "Samahani mama, lazima tuulize. Anakunywa sana?"

"Hajaonja tone tangu azaliwe," akasema Bi Zainabu.

Tulitazamana. Kadzo akaninong'oneza kwamba labda ni ya umeme.

"Na kuvuta, anavuta?"

"Havuti, wala rafiki zake hawavuti. Hilo nawahakikishieni."

Wifi yangu akasukuma sahani mbele kwa huzuni. "Basi mama, tusipotezeane wakati. Sisi tunamtaka anayevuta. Tena avute kwelikweli, kutwa nzima, kupanda na kushuka."

Bi Zainabu aliliweka birika chini polepole. Akatuuliza, kwa sauti ya mtu anayeingiwa na hofu, kama kwetu wote tunavuta. Kadzo akamjibu kwamba bado, ila tunatarajia kuanza leo, na kina mama wote wamechanga. Mimi niliona uso wa mwenyeji wetu unabadilika, nikafikiri nitapoza mambo nikiuliza la adabu, umri. Akasema ishirini na saba. Kadzo alitikisa kichwa, akasema kwa umri huo ni lazima aangaliwe uvunguni kama hana kutu.

 Hapo macho yangu yakaanguka juu ya kabati, kwenye picha ya kijana mzuri wa watu, amevaa joho la mahafali, anatabasamu.

"Mama," nikasema, "sisi tumekuja kutazama pikapu."

Aliniangalia. Akamwangalia Kadzo. Kisha kicheko kikamtoka mahali fulani chini sana, kikapanda mpaka akashindwa kukaa kitini, akaketi mkekani na kujifunika uso kwa leso. Kumbe alikuwa akiwangoja shangazi wawili wa msichana fulani wa Mombasa, wanaokuja kuitazama nyumba ya mchumba. Mzee Swalehe ni jirani, geti lake la kijani ni la pili. Kadzo alikuwa amejiinamia, mabega yanatikisika, na mimi chai ilikuwa imenipanda puani.

Tukiwa katika hali hiyo, geti likabishwa hodi. Shangazi wenyewe walisimama pale na mabuibui yao mapya, wakatukuta watatu tunalia kwa kicheko mbele ya sahani zilizokwisha liwa nusu. Bi Zainabu alitutoa kwa mlango wa jikoni, na kila mmoja akafungiwa sambusa za njiani.

Kilifi mpaka Kaloleni

Kijana wa kweli alikuwa chini ya mwarobaini, ameoga kama tulivyoambiwa. Ilikuwa pikapu ya dizeli, ya milango miwili, rangi ya buluu iliyofifia, na kiti kimoja kirefu cha watu watatu. Kiyoyozi hakuna. Mpini wa kufungulia vioo ulikuwa mmoja, unachomolewa mlango huu na kuchomekwa mlango ule. Kadzo alilala chini bila kualikwa. Aliporudi juu alikuwa na uso wa mtu aliyeona Makka. Ndoano imefungwa kwenye chesisi yenyewe, kwa bamba la chuma nene. Mzee Swalehe alikuwa ameitumia kuvuta kompresa la kuchimbia visima kwa miaka na miaka, Ganze, Vitengeni, kila palipo na mawe.

Niliuliza kama anakunywa sana. Mzee akajibu kwamba anakunywa kama mtu mzima, hana ulevi. Kadzo ilibidi ageuke atazame ukuta.

Lakini kulikuwa na sharti. Mzee Swalehe alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye magoti yaliyokwisha kuchoka na klachi, na hiyo ndiyo sababu ya kuuza. Alisema watu wanne wamekuja na pesa na wote amewarudisha. Hauzi mpaka akae ubavuni mwa dereva na amwone anaendesha. Tulipomweleza habari ya tangi na saa tisa, alitazama jua, akachukua kofia yake. "Twendeni basi. Atakayeendesha ni nani?"

Ni mimi. Kadzo anajua yaliyo chini ya gari lakini leseni hana.

Nilizima injini mara mbili kabla ya kufika darajani. Klachi ilikuwa nzito kama kusukuma kitanda kwa mguu mmoja. Tulivuka hori, tukapita Mnarani, na Mavueni tukakata kulia kushika barabara ya Kaloleni. Mzee alikaa katikati, magoti yamegusa kidevu. Kila nilipobadilisha gia alitikisa kichwa, na sikuweza kujua ni kwa kuridhika au kwa masikitiko. Upepo wa dirishani ulinivua mtandio, vumbi likaingia, na injini iliunguruma hata tukawa tunasemezana kwa kelele. Nililikumbuka gari la Gede kwa uchungu. Nikajiuliza hivi ndivyo nitakavyofika Mambrui kila siku, nimejaa jasho, nimekuwa kiziwi.

Kabla ya Kaloleni tulisimama kunywa madafu. Mzee akaniambia nisikanyage klachi kama ninayeua nyoka. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu Kilifi, na nilifurahi isivyo kawaida.

Mariakani

Tuliingia saa nane na nusu. Mariakani ni mji wa malori, yamepangana pembeni mwa barabara kama nyumba, na uwanja wenye tangi letu ulikuwa nyuma ya banda la chakula cha madereva. Mteja mwingine alikuwa amekwisha fika, na lori lake ameliweka kwenye geti, akabakisha upenyo wa kupita pikapu tu, si trela. Alikuwa ametulia tu, anakula mishikaki, anangoja saa tisa.

Tangi lilikuwa zuri. Chuma kinachong'aa, mashine ya kupozea ubavuni, magurudumu manne, na breki zake lenyewe zinazojishika trela inapolisukuma gari. Mzee Swalehe alitushika sikio hapo. Uzito wa mbele ukizidi, utakandamiza mkia wa gari na usukani utaelea. Uzito wa nyuma ukizidi, trela itayumba na kumyumbisha anayeivuta. Alimwagiza Kadzo asogeze mbele kidogo jenereta lililokuwa juu ya trela, akapima kwa kuinua ulimi wa trela kwa mikono, akasema sawa. Tukalipa, tukafunga minyororo na waya wa taa.

Taabu ilikuwa kutoka. Mwenye lori alisema hasogei mpaka amalize kula, na alikula taratibu. Geti la nyuma lilikuwepo, jembamba, na la kufikiwa kwa kurudi nyuma tu.

Nikaanza. Nikikata kushoto trela inakwenda kulia. Nikikata kulia inajikunja kama kamba. Mara ya kwanza nilielekea kwenye ukuta, mara ya pili kwenye tangi la maji, na mara ya tatu, sijui vipi, nikajikuta natazamana na banda la chakula. Madereva walianza kutoka na sahani zao mkononi. Walikuwa kama ishirini, na kila mmoja ana ushauri wake. Mmoja anaita kata, mwingine anaita nyoosha, na wa tatu, ambaye nadhani hakuwa dereva, aliniambia nifunge macho.

Aliyeniokoa ni mama mwenye banda. Alitoka na upawa wake unadondosha mchuzi, akawanyamazisha wanaume wote kwa kuuinua, akaja mpaka dirishani. Alisema marehemu mumewe alivuta trela maisha yake yote, naye ametazama watu wakirudi nyuma kwa miaka mingi kuliko wao walivyoendesha.

"Mwanangu, shika usukani huku chini," akasema, akaniwekea mkono mwenyewe. "Unapotaka trela iende, mkono uende hukohuko. Usifikiri zaidi ya hapo."

Nikaacha kufikiri. Mkono ukaenda kushoto, trela ikaenda kushoto. Niliona kama nimefunuliwa siri ambayo wenzangu wote walikuwa wakinificha. Mama alitembea nyuma akionyesha kwa upawa, na mimi nikamfuata kwenye kioo, inchi kwa inchi, mpaka magurudumu ya trela yakapita geti, kisha ya pikapu. Ilibaki dakika sita kufika saa tisa. Ndiyo, Fatma, walishangilia. Walipiga sahani kwa vijiko. Hata yule mteja mwingine aliinua mshikaki wake kunisalimu.

Mama alikataa tuondoke na njaa. Tulikula wali kwa mchuzi wa mbuzi tumesimama, na Kadzo akawasimulia madereva habari ya kijana asiyevuta. Nilidhani banda litaanguka.

Mlima wa Kaloleni

Kurudi nikawa na furaha ya mlevi. Niliimba. Kadzo alinisaidia, Mzee alivumilia. Trela ilifuata nyuma bila kuyumba, na nikaanza kuona ile klachi nzito ina maana yake.

Kisha, kwenye mlima kabla ya Kaloleni, lori lililokuwa mbele yetu likafungukiwa mlango wa nyuma. Nazi zikamwagika. Zilikuja zikiruka barabarani kuelekea kwetu, mamia, zinagonga bampa, zinapita kushoto na kulia, na watu wakatoka kila upande kuzikimbiza. Bibi mmoja aliipata moja kwa mguu kama mchezaji wa mpira. Kadzo alicheka mpaka akapaliwa.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimesimama. Katikati ya mlima, na tangi la zaidi ya tani moja likinivuta nyuma, na nyuma ya tangi gari dogo lenye watoto. Njia ilipofunguka ilinibidi kuondoka. Nilimwambia Mzee ashike yeye. Alinitazama, akaitazama miguu yake, akasema magoti yake yangetuua sote.

"Breki ya mkono iko juu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mpe moto. Achia klachi mpaka umsikie anainua kifua. Akishainua kifua, mteremshie mkono. Yeye anajua kazi."

Midomo ya Kadzo sasa ilikuwa ikicheza kwa dua ya kwao. Nilikanyaga mafuta. Nikaachia klachi kidogo, kidogo tena, na kweli nikaisikia pua ya gari ikiinuka, kitu kizima kikikaza misuli chini yangu. Nikateremsha breki. Kwa kitambo kidogo hatukwenda mbele wala nyuma. Kisha pikapu ikavuta. Ilivuta bila papara, ikipondaponda nazi mbili tatu, ikatupandisha mpaka juu, na nyuma yetu watu wenye nazi mikononi wakatupungia.

Kule juu nilisimama pembeni nikashuka kuvuta pumzi. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja, nikiwa nimelishika boneti la moto kwa kiganja. Lile gari jeupe la Gede lilikuwa limenitoka akilini kabisa, ila sikulitambua hilo mpaka kesho yake.

Mzee Swalehe hakushuka. Alitoa kichwa dirishani akasema, "Nimeuza." Kisha akautazama mlima upande wa pili kwa muda mrefu, na mimi na Kadzo tukajifanya tunakagua magurudumu.

Kilifi mpaka Kakoneni, na kutoka huko

Tulilala kwake Kilifi. Bi Zainabu alipitia uani kutuletea pilau na habari kwamba shangazi wa Mombasa wameridhika, wakiuliza tu wale wanawake wawili waliokuwa wakilia walikuwa kina nani. Aliwaambia ni majirani wenye furaha.

Asubuhi ya Jumapili Mzee alinikabidhi funguo na ule mpini wa vioo, akausafisha kwanza kwa kanzu yake. Tulipita Malindi bila kusimama, tukashika njia ya bara, na saa tatu tukafika Kakoneni. Kina mama walikuwa wamepanga vibuyu na madumu mbele ya duka lenye umeme. Hawakuimba wala hawakupiga vigelegele kama nilivyotarajia. Walisimama wakitazama maziwa ya Jumapili yakimiminwa ndani ya tangi, dumu baada ya dumu, na mashine ikaanza kunguruma. Walizungumza kwa sauti ndogo, kama watu walio karibu na mtoto aliyelala.

Nililala kwao Kadzo. Jumatatu alfajiri tulikuta kila mtu amekwisha fika. Mama Sidi, mkubwa wao wote, ndiye aliyepewa kikombe. Kadzo akafungua bomba. Mama Sidi alinusa, akaonja, akakishusha.

"Haya ni ya jana?"

"Ya jana, mama."

Aliyanywa yote bila kupumzika. Alipomaliza alikuwa na masharubu meupe, akakinyoosha kikombe apewe tena, na hapo ndipo vicheko vilipofunguka. Kila mmoja alitaka kuonja maziwa yake ya Jumapili. Wakanipa na mimi. Yalikuwa baridi hata meno yakauma. Tulikunywa, tukachekana midomo, tukanywa tena, mpaka mnunuzi akafika akatukuta hivyo, akauliza kuna harusi ya nani.

Nilipotazama saa, shule ilikuwa tayari imeanza. Kwa miaka tisa ya bodaboda na lifti za watu sikuwahi kuchelewa hata siku moja. Siku ya kwanza ya kuwa na gari langu niliingia Mambrui saa ya pili ya masomo, vioo wazi, kichwa chote vumbi, na mwalimu mkuu alikuwa amesimama barazani anatazama.